Gari linazama, pedi haina kosa: dalili na tiba za mbio za jangwani

Wiki iliyopita kijana mmoja aliweka pedi ya kuchezea gemu mezani kwangu akasema, "Kaka, hii imekufa. Gari linakata kushoto lenyewe." Nikaichukua, nikaichomeka kwenye mashine ya pili, tukafungua gemu ya mpira. Mchezaji akasimama katikati ya uwanja, hakusogea hata unyayo. Pedi ilikuwa nzima. Tukarudi kwenye gemu yake nikamwomba aendeshe palepale alipoachia. Alikuwa anapita ubavuni mwa tuta kubwa la mchanga, mteremko ukiwa kushoto kwake, na usukani ameushika wima kama yuko kwenye lami. Gari lilikuwa linashuka kwenda kulikoteremka.

Kibanda changu cha gemu kipo Uyole, si mbali na pale barabara inapogawanyika, moja ikienda Tukuyu na Kyela, nyingine ikielekea Iringa. Wengi wanaoingia wanataka mpira. Ila tangu niweke gemu za jangwani, kwanza Dakar 18 na baadaye Dakar Desert Rally iliyotoka 2022, nimepata kundi la watu wasiotaka kitu kingine, na jioni nyingi nimesimama nyuma ya viti vyao nikiangalia wanakwamia wapi. Malalamiko ni yaleyale. Nayaandika kwa jinsi yanavyonifikia.

Kabla ya yote, jiulize ugonjwa uko wapi. Sehemu ni tatu: mashine na waya zake, mipangilio ya gemu, au mikono yako. Kutenganisha ni rahisi kama utabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Pedi nyingine, gemu ileile. Gemu nyingine, pedi ileile. Mtu mwingine, vyote vilevile. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na tatizo likaisha, hutajua kilicholimaliza, na likirudi utaanza upya.

Gari linavuta upande mmoja

Simamisha gari mahali tambarare, ondoa vidole kwenye pedi, iweke mezani. Kama kamera au tairi za mbele zinaendelea kujisogeza, tatizo ni stiki, kile kijiti cha pedi unachosukuma kwa kidole gumba. Ndani ya kila stiki kuna vipande vidogo vinavyosuguana kila unapoisukuma, na vikilika, pedi inaamini kuwa inasukumwa hata ukiwa umeiacha. Vumbi linafanya hivyohivyo, na vumbi kwetu halijifichi kuanzia Juni mvua zikishakata mpaka zirudi Novemba. Izungushe stiki duara mara nyingi pande zote, puliza pembeni mwake, jaribu tena. Isipopona, fundi aifungue aisafishe kwa spiriti. Pedi za PS4, yaani PlayStation 4, zina kitufe kidogo ndani ya tundu la nyuma karibu na kitufe cha L2. Kibonyeze kwa sindano sekunde chache, kisha iunganishe pedi upya kwa waya. Hicho kinarekebisha mawasiliano kati ya pedi na mashine, lakini stiki iliyolika haiponi kwa sindano.

Kama uvutaji ni mdogo, gemu nyingi za mbio zina mpangilio wa kuchagua stiki isogee kiasi gani ndipo gemu ijibu. Ongeza kidogo, na uishie hapo mvuto unapokoma. Ukizidisha, usukani unakuwa mzito kuanza halafu unaruka, na jangwani unahitaji usukani laini kuliko mahali popote.

Pedi ikiwa nzima, angalia gari. Gari lililogonga jiwe saa moja iliyopita linaweza kuwa na shokapu au tairi mbovu upande mmoja, na watu wanasahau kwamba uharibifu unabaki. Na gari likiwa zima, angalia ardhi. Unapokata ubavu wa tuta, elekeza pua ya gari juu kidogo ya pale unapotaka kufika. Likianza kuteleza kwenda chini usipambane nalo kwa kugeuzia juu, kwa sababu hapo ndipo linapopinduka. Geuzia chini, lifuate mpaka lishike, halafu panda tena.

Nakanyaga mafuta mpaka mwisho, tairi zinazunguka, gari halitoki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu wa nyanda za juu tunapoangukia, na najua sababu.

Sisi tumekulia kwenye tope. Ukitoka Makete mwezi wa pili, au ukishuka Busokelo mvua ikiwa inapiga, umeona dereva anavyopambana: anakanyaga, tairi zinatema tope, zinachimba, na mara nyingi chini ya lile tope kuna ardhi ngumu. Tairi likiifikia, linashika, gari linachomoka. Kwa hiyo kichwani tumeandika kwamba gari likikwama, ongeza moto. Kwenye mchanga wa jangwani hakuna ardhi ngumu ya kuifikia. Kila mzunguko wa tairi unatoa mchanga chini yake na kuumwaga nyuma. Unachimba kaburi la gari lako kwa kidole cha kulia. Gemu nzuri inafuata jambo hili kwa uaminifu, ndiyo maana mtu aliyezoea mbio za lami anadhani imeharibika.

Aliyenifungua macho ni kijana wa bodaboda kutoka Ubaruku, kule Usangu, ambaye alikuwa hajawahi kushika pedi. Mara ya kwanza tu alivuka matuta ambayo wenyeji wa kibanda walikuwa wanazama siku tatu. Nikakaa pembeni yake nikatazama vidole badala ya skrini. Kidole chake cha shahada hakikuwa kinabonyeza R2, kitufe cha mafuta, mpaka mwisho hata mara moja. Kilikuwa kinapumua juu yake, kinashuka nusu, kinapanda robo, kinashuka tena, na kichwa amekiinamisha upande wa spika. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akasema, "Mlio, kaka. Injini ikipiga kelele na sisogei, naachia." Kiangazi anapita kila siku kwenye mchanga wa mito iliyokauka, na abiria nyuma. Akikanyaga ovyo, anaanguka na mtu wa watu.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni sikio. Zima muziki wa gemu, na kama unacheza kwenye kibanda chenye bongo fleva ukutani, vaa spika za masikioni. Mlio wa injini ukipanda ghafla bila mwendo kupanda, tairi limepoteza mshiko. Achia nusu. Mlio ukitulia, rudisha polepole. R2 si swichi ya taa, ina safari ndefu kati ya juu na chini, na kila sehemu ya safari hiyo ni kiasi tofauti cha mafuta.

Tiba ya pili ni kuingia na mwendo. Mchanga unavukwa kwa kasi uliyokuja nayo. Ukishafika katikati umechelewa kuitafuta. Jijengee mwendo kwenye sehemu ngumu kabla ya mchanga laini, ingia umenyooka, usikate kona kali, na usiguse breki. Breki kwenye mchanga inasukuma kilima kidogo mbele ya kila tairi, halafu unatakiwa kukipanda hicho kilima ili kuondoka. Ukitaka kusimama, achia tu mafuta, mchanga utakusimamisha wenyewe. Na ukichagua mahali pa kusimama, simama pua ikitazama chini.

Tiba ya tatu ni gia. Gia za kujibadilisha zenyewe zinasumbua kwenye kupanda: gari linapopandisha gia katikati ya mlima wa mchanga, nguvu inakatika kwa muda mfupi, na huo muda mfupi unatosha kuzama. Weka gia za mkono, ingia na ya pili au ya tatu kulingana na urefu wa tuta, na ushikilie hiyohiyo mpaka juu. Aliyewahi kupanda Kitonga nyuma ya lori lenye mzigo anajua dereva anavyochagua gia moja chini na kubaki nayo. Ni akili ileile.

Upepo wa tairi nao. Madereva wa mbio za kweli hupunguza upepo wakikaribia matuta, kwa sababu tairi laini hujitandaza na kugawa uzito wa gari kwenye eneo kubwa zaidi. Gemu yako ikikupa nafasi ya kuchagua, punguza kwa mchanga, rudisha kwa mawe, maana tairi laini kwenye mawe hupasuka.

Umeshazama tayari? Acha mafuta mara moja, usingoje chasi ikae juu ya mchanga. Nyoosha tairi za mbele. Rudi nyuma taratibu juu ya alama zako mwenyewe, kwa sababu mchanga ule umeshashindiliwa, ukifika mwisho wa alama nenda mbele, rudi, nenda, mpaka upate mita kadhaa za kujijengea mwendo. Dakar 18 inakuruhusu kushuka kwenye gari na kuchimba kwa koleo, jambo nililolipenda kwa sababu linamfundisha mtu bei ya kukanyaga ovyo. Gemu nyingine zina kitufe cha kukurudisha njiani na unakatwa muda. Ukiwa umezama kweli, kitumie mapema. Dakika tano za kunguruma zinagharimu zaidi ya adhabu yenyewe.

Na kuhusu chombo: wageni wanapenda lori, wakiamini ukubwa wake utavunja mchanga. Lori lina uzito, na likishapoteza mwendo kurudi si rahisi. Anza na kale kagari kepesi ka wazi ka viti viwili. Kanasamehe makosa mengi wakati kidole chako kinajifunza.

Nikifika kileleni napinduka

Tuta la mchanga lina pande mbili zisizofanana, na upepo ndio umezitengeneza. Upande unaopigwa na upepo una mteremko wa upole. Upande wa pili ni pale mchanga unapodondokea baada ya kuvuka kilele, nao husimama kwa nyuzi kama 30 hadi 34, kwa sababu mchanga mkavu hauwezi kusimama wima zaidi ya hapo bila kuporomoka. Ukipanda upande wa upole kwa kasi yote, unarushwa hewani juu ya ule upande mkali, na pua inatangulia chini.

Kwa hiyo panda kwa nguvu, lakini achia mafuta kabla ya kilele, kiasi kwamba gari lifike juu likiwa limebakiwa na mwendo wa kuvuka tu. Liache lichungulie, halafu shuka ukiwa umenyooka kabisa na mafuta kidogo ili tairi za mbele zisizame. Kinachowaangusha wengi ni kufika kileleni kwa mshazari. Tairi moja inavuka, nyingine bado, gari linageuka ubavu kwenye mteremko mkali, na hapo hakuna usukani utakaokuokoa.

Ukigundua umechelewa na tayari uko hewani, kwenye pikipiki unaweza kujirekebisha: mafuta yanainua gurudumu la mbele, breki ya nyuma inalishusha. Hiyo inatokana na mzunguko wa tairi la nyuma, na madereva wa kweli wanaitumia. Kwenye gari nyoosha usukani uvumilie.

Kama unatumia kamera ya ndani ya gari, jaribu ya nyuma kwa siku chache. Ya ndani ni tamu, lakini bodi inakuzibia kilele sekunde ileile unayohitaji kukiona. Rudi ndani ukishalizoea umbo la matuta.

Napotea, kitabu cha njia kinasema kitu kingine

Mbio za Dakar za kweli zilianza Desemba 1978, zikiondoka Paris kuelekea Dakar, Senegal. Zilihamia Amerika Kusini mwaka 2009, na tangu 2020 zinakimbiwa Saudi Arabia. Kote huko jambo moja halijabadilika: dereva hapewi mstari wa kufuata kwenye ramani. Anapewa kitabu cha njia, chenye umbali, mchoro mdogo wa njia panda, alama za hatari, na uelekeo wa dira kwa nyuzi. Dakar Desert Rally ina ngazi ya michezo, ambayo inakuongoza kwa mkono, na ngazi za juu zaidi ambazo zinakuachia kitabu na dira. Wanaopotea ni waliopanda ngazi bila kubadilisha tabia.

Kosa la kwanza ni kufuata alama za tairi za wenzako. Na wao wamepotea. Nimeona watu watatu kwenye viti vitatu wakifuatana mpaka korongoni.

Kosa la pili ni hesabu ya umbali. Kitabu kikisema geuka baada ya kilomita 3.4, kinahesabu mwendo wa aliyenyoosha. Wewe umezunguka tuta, umerudi nyuma mara mbili, na tairi zako zimezunguka bure mchangani. Umbali ulioutembea si umbali wa kitabu tena. Ukifika mahali unapopatambua bila shaka, njia panda au bonde la mto mkavu lililochorwa, lihesabu kuwa mwanzo mpya na upige umbali kuanzia hapo. Ukijirekebisha kila unapopata alama, kosa halikui.

Kosa la tatu ni kuisoma dira gari likiwa linacheza. Shika uelekeo, tafuta kitu mbele kinacholingana nao, mlima, jiwe, kilele cha mbali, halafu endesha ukikilenga hicho. Watu wa Chunya na Usangu wanafanya hivi bila kufundishwa, wanasema "lenga ule mlima," kwa sababu kwenye tambarare njia nyingi zinafanana lakini mlima ni mmoja. Ukizunguka tuta, rudi kwenye mlima wako.

Zile herufi za kitabu zimetoka kwenye Kifaransa. HP ni nje ya njia, kwamba huna barabara, una uelekeo tu. Alama ya mshangao moja ni tahadhari, mbili ni hatari, tatu ni hatari kubwa kabisa. Ukiona tatu, punguza mwendo hata kama mbele unaona tambarare kama uwanja. Aliyeziandika alipita akaona shimo ambalo wewe utaliona ukishakuwa ndani yake.

Ukiwa umepotea kabisa, simama. Kuendelea ukiwa na matumaini ndiko kunakogeuza kosa la mita 200 kuwa la kilomita saba. Rudi kwa alama zako mpaka mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika, uanze hapo. Ukiwa na mwenzako kwenye kibanda, mgawane kazi: mmoja aendeshe, mwingine asome kwa sauti, "mita mia tano, kulia, nyuzi tisini, shimo." Nimeona ndugu wawili kutoka Igawa ambao kila mmoja peke yake alikuwa anapotea, na wakikaa pamoja hawapotei. Mdogo anasoma, kaka anaitikia "nimekupata" ndipo anageuka. Asipoitikia, mdogo anarudia.

Nimemaliza mbele yao, matokeo yananiweka chini

Hapa si kosa la gemu. Umeruka kituo, yaani mahali unapolazimika kupita, au umezidisha mwendo kwenye eneo lenye kikomo. Vituo vinatakiwa kupitwa ndani ya duara lake, si karibu yake, na kilichorukwa kinageuzwa kuwa dakika. Maeneo ya mwendo yanaandikwa DZ yanapoanza na FZ yanapoisha, kwenye mbio za kweli kwa kikomo kama kilomita 30, 50 au 90 kwa saa. Yeyote anayepita barabara kuu kati ya Igurusi na Makambako anajua kibao cha 50 na askari wenye tochi chini ya mti. Endesha hivyohivyo: shusha mwendo kabla ya kibao, siyo baada yake, na usikanyage mpaka umevuka mwisho.

Mchanga wote rangi moja, sioni shimo

Sehemu ya tatizo hili ni jangwa lenyewe. Jua la saa sita linafuta vivuli, na bila kivuli tuta na shimo vinafanana, hata kwa macho ya dereva halisi. Asubuhi na jioni unaona vizuri zaidi. Mchana punguza mwendo.

Sehemu nyingine ni tivii. Nyingi zinakuja zimewekwa kwenye rangi kali ya kuvutia macho dukani, mchanga unang'aa mpaka yale mawimbi madogo ya upepo juu yake yanapotea. Shusha mwangaza na ukali wa rangi mpaka uyaone. Mawimbi yale ni habari: yakikatika ghafla mbele yako, kuna ukingo. Kwangu ilibidi pia nitundike khanga dirishani, kwa sababu saa kumi jua lilikuwa linapiga kioo moja kwa moja na kila mtu alikuwa anapinduka palepale. Nilimaliza wiki nikilaumu gemu.

Nageuza sasa, gari linageuka baadaye

Tivii inachelewa kuonyesha. Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta hali ya picha ya gemu, iwashe. Inaacha yale marembo ya kusafisha picha ambayo yanakula muda. Tofauti utaisikia kidoleni papo hapo. Kama haipo, zima kila kitu chenye jina la kulainisha mwendo au kupunguza chenga.

Picha ikiwa inakatakata, si kuchelewa tu, angalia kama gemu imepata marekebisho yake. Diski inabeba toleo la siku ile ilipochapishwa, na kilichorekebishwa baadaye kinakuja kwa intaneti. Ni mafaili makubwa. Nunua bando la usiku na uache lishuke umelala. Kama bado inakatakata baada ya hapo, soma sehemu inayofuata, kwa sababu mashine yenye joto inajipunguza nguvu.

Mashine inanguruma kama feni ya kinu, halafu inazima

Vumbi. Gemu za jangwa zina ardhi kubwa na mashine inafanya kazi mfululizo, hivyo ndizo zinazoanza kuonyesha uchafu ambao gemu ya mpira ilikuwa inauvumilia. Uyole upepo hauishi, na kiangazi chote feni inavuta barabara nzima ndani ya boksi. PS4 ikiandika kwamba joto limezidi, zima, ichomoe kwenye umeme, iache ipoe. Isafishe kwa brashi laini na kipuliza upepo kwenye matundu, na unapopuliza izuie feni isizunguke, kwa kidole au kijiti cha meno, maana feni ikizungushwa na upepo wa nje kwa kasi inaharibika. Nimeona fundi akipuliza bila kuizuia mbele yangu na feni haikurudi kuzunguka vizuri. Usiiweke mashine juu ya zulia wala ndani ya kabati. Mimi huiweka juu ya matofali mawili, iwe na hewa chini, na husafisha kila mwisho wa mwezi kuanzia Juni hadi Novemba. Masika kila miezi miwili inatosha.

Ikizima bila onyo na bila joto, shuku umeme. Umeme ukipanda na kushuka, taa zinafifia sekunde chache kabla. Stabilaiza inasaidia hapo. Umeme ukikatika kabisa, inayokuokoa ni betri ya kuhifadhi umeme, japo kwa dakika chache za kumaliza hatua, kusevu na kuzima vizuri. Hatari kubwa ni kukatika wakati gemu inaandika kumbukumbu, kwa sababu ndipo wiki ya kazi inapotea. Usichomoe kamwe PS4 yenye taa ya rangi ya chungwa, maana hiyo imelala tu, haijazimwa. Iamshe kwanza, uizime kabisa, ungoje taa iishe.

Baada ya kuzimika vibaya, mashine itakagua hifadhi yake, iache imalize. Kama gemu zimeanza kuchelewa kufunguka au kupotea kwenye orodha, ingia kwenye hali ya usalama: ukiwa umeizima, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba, unganisha pedi kwa waya, kisha chagua namba 5, ya kupanga upya orodha ya mafaili. Haifuti gemu zako. Soma namba mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa sababu za chini yake zinafuta kila kitu.

Asubuhi diski haisomi, mchana inasoma

Hili nililipata Julai, na lilinisumbua kwa sababu diski ilikuwa safi. Usiku kibanda kinapoa sana, mashine inalala kwenye baridi ile yote. Asubuhi ninafungua, nawasha jiko la mkaa la chai, watu wanaingia, hewa inapata joto na unyevu wa pumzi na mvuke wa birika. Unyevu ule unaganda juu ya vitu vya baridi, kama miwani ya mtu anayeingia ndani kutoka kwenye umande, na ndani ya mashine unakaa juu ya jicho linalosoma diski. Mashine inaitoa diski nje au inasema haiitambui.

Usiifute mashine ndani, usiitikise, usirudie kuiingiza diski mara ishirini. Sogeza jiko la chai mbali na meza. Acha mashine imezimwa mpaka kibanda kikae sawa na joto la mchana, kwangu ni saa moja hivi baada ya kufungua. Mimi siku hizi usiku naifunika kwa kitenge kikavu ikiwa imechomolewa, asubuhi naitoa kitenge kwanza, nafagia, nachemsha chai nje mlangoni, na diski ya kwanza inaingia wakati wanafunzi wa zamu ya asubuhi wameshapita.